Tani Zipi za Liganga?

 

Mada ya leo ni vivumishi vya Kiingereza, hasa vile vinavyofanana mpaka tunavitafsiri kwa neno moja. Tafadhali usibadili stesheni. Najua wengi wetu vivumishi tuliviacha darasani, pamoja na lile zoezi la kupanga maneno mawili mawili yenye "maana sawa", mwalimu akapiga vyema, kengele ikalia. Sikusudii kukurudisha huko. Nataka twende Liganga, kwenye vile vilima vya mawe mazito meusi wilayani Ludewa, tukaone jinsi kivumishi kimoja kinavyoongeza au kupunguza mamilioni ya tani za chuma bila mtu kugusa sururu.

Tuanze na namba. Tani milioni 126. Mkazi wa mkoa huu wa Njombe anayefuatilia habari ameisikia mpaka ameizoea. Ndiyo namba ambayo Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, limekuwa likiitaja kwa chuma cha Liganga, na pacha wake ni tani milioni 428 za makaa ya mawe ya Mchuchuma. Namba zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni mkia unaofuata namba. Leo unasikia tani hizo "zinakadiriwa kuwepo". Kesho "zimethibitika". Keshokutwa, jukwaani, "zipo", basi, hata makadirio yamekwisha. Na sisi tunapiga makofi yaleyale mara zote tatu.

Si kwamba hatuna masikio ya kusikia tofauti. Nenda Makambako kwenye yadi za mbao, jirani na ile barabara kuu iendayo Mbeya. Mnunuzi kutoka Dodoma anaulizia mbili kwa nne. Muuzaji anamwambia ni kavu. Mnunuzi hajibu kitu. Anainyanyua moja, anaupima uzito mikononi, anaichungulia kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha, halafu anauliza: kavu, au imenyauka tu? Maana mbao iliyonyauka imekaa juani siku chache, juu inapendeza, ndani bado ina maji, na ikishapigiliwa kwenye paa inajikunja. Kavu ni kitu kingine. Iliyokaushwa kwenye tanuri ni kitu kingine tena, na bei yake haifanani na hizo mbili. Halafu ndiyo unaulizwa kama unataka ya dawa au isiyo ya dawa. Hapo kivumishi ni fedha. Hakuna fundi wa Makambako atakayekubali uziite zote "kavu" kwa kuwa kamusi imesema hivyo.

Mtu mwenye akili hiyo ya yadi ya mbao anaweza kuelewa, bila shahada ya jiolojia, maneno matatu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya madini duniani: "inferred", "indicated" na "measured".

Yote matatu ni sifa za rasilimali iliyo chini ya ardhi, na yote matatu magazeti yetu huyaita "inayokadiriwa". Sasa sikiliza yanavyotofautiana. Mjiolojia anafika, anaona mwamba umechomoza. Mbale ya Liganga, yaani mwamba wenye madini, ni ya aina ya magnetite, ina usumaku, kwa hiyo anapita na vipimo vya sumaku, anaweka alama kwenye ramani, kisha wachorongaji wanatoboa mashimo machache yaliyoachana mbali. Shimo hili lina mbale, na lile kule lina mbale. Katikati hajapaona. Anasema: kwa jinsi mwamba huu unavyokwenda, yaelekea mbale inaendelea kutoka huku hadi kule. Hiyo ni "inferred". Ana ushahidi wa kumfanya afikirie hivyo, hana wa kumfanya athibitishe. Wachorongaji wakirudi wakatoboa mashimo yaliyokaribiana, vipande vya mwamba vikaenda maabara na majibu yakaelekeana, rasilimali inapanda daraja na kuwa "indicated". Sasa mtu anaweza kuanza kupanga mgodi juu yake. Mashimo yakibanana hadi ukajua umbo la mbale, uzito wake na kiasi cha chuma kilichomo bila ya kubahatisha, ndipo unaruhusiwa kusema "measured".

Juu ya hayo matatu kuna daraja nyingine, "probable" na "proved", na hizi hazigusi rasilimali yote. Zinahusu sehemu ile tu ambayo imeshapigiwa hesabu kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida baada ya kulipia umeme, barabara, mishahara na kodi. Na hapa kuna kanuni moja ambayo natamani ibandikwe kwenye kila chumba cha habari: mbale iliyo "inferred" hairuhusiwi kuvuka kwenda huko. Kwa kanuni za Canada hairuhusiwi hata kujumlishwa na zile nyingine katika taarifa ya kampuni. Unaitaja peke yake, kwenye mstari wake.

Ukali huo haukutoka hewani. Mwaka 1997 kampuni moja ya Canada iliyoitwa Bre-X iliporomoka baada ya kugundulika kwamba dhahabu yake ya Busang, katika misitu ya Kalimantan nchini Indonesia, haikuwepo. Sampuli za mwamba zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka kwingine kabla ya kufika maabara. Kila miezi michache makadirio yalikuwa yanaongezeka katika taarifa, wawekezaji wananunua hisa, watu wa kawaida wanaingiza akiba zao za uzeeni, na hatimaye hapakuwa na mgodi. Waaustralia walikwisha kuwa na mwongozo wao wa JORC tangu 1989. Wacanada, baada ya aibu hiyo, wakaweka kanuni zao mwaka 2001. Zote zinambana mwandishi wa taarifa ya madini kwenye vivumishi. Lazima ataje ni kipi, na lazima mtaalamu mwenye sifa aweke jina lake chini yake. Simaanishi kwamba Liganga kuna mchezo wa namna hiyo. Chuma cha Liganga kipo, utakiona kwa macho na kukinyanyua kwa mkono. Nasema tu kwamba wenzetu walilipa gharama kubwa kujifunza kutenganisha maneno matatu ambayo sisi bado tunayatia kwenye gunia moja.

Na Kiswahili, kwa muundo wake, kinatuponza kidogo. Kwa Kiingereza sifa inatangulia jina, hivyo huwezi kulifikia jina bila kupita kwenye sifa. Kwetu sifa inakuja nyuma: tani milioni 126 za chuma, halafu ndiyo iwe zilizokisiwa, zilizokadiriwa, zilizopimwa. Msomaji wa habari akibanwa na muda, au mhariri akitaka kichwa kifupi, kinachokatwa ni mkia. Nimekaa kwenye vyumba vya habari vya kutosha kujua kwamba mkia hukatwa.

Lakini tusidhani tofauti zote ni za ngazi, kidogo na zaidi. Nyingine ni za namna ya kuona. Chukua baridi, maana hapa Njombe hatuwezi kuongea nusu saa bila kuitaja. Mwingereza ana "cool", "chilly", "cold" na "freezing". Mwanafunzi huambiwa azipange kama vipimo vya joto, kutoka juu kwenda chini, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila kati ya "cool" na "chilly" hakuna nyuzi nyingi. Yule anayesema "cool" mara nyingi anafurahia upepo. Yule anayesema "chilly" anatafuta sweta. Hewa ni ileile. Sisi nasi tunajua. Mgeni wa Dar es Salaam anashuka kwenye basi Makambako alfajiri ya mwezi wa saba anasema "baridi", mwenyeji anamwambia hiki ni kibaridi tu, ngoja ufike Njombe. Na mkulima wa viazi hasemi vyovyote kati ya hivyo. Anasema sakitu, kwa kuwa kinachomhusu ni kama majani yameungua au hayakuungua.

Shikilia hilo la namna ya kuona, maana ndilo litakalotusaidia tukiingia kwenye mikataba.

Septemba 2011 NDC ilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Ubia ulikuwa wa asilimia 20 kwa Tanzania kupitia NDC na asilimia 80 kwa mwekezaji. Uwekezaji uliotajwa ni dola za Marekani bilioni 3. Mgodi wa chuma na kiwanda Liganga, mgodi wa makaa na kituo cha umeme cha megawati 600 Mchuchuma. Tukio kama hilo kwa Kiingereza huitwa "historic", yaani litakumbukwa. Kumbe ndani ya mafaili ya madini kuna ndugu yake, "historical", mwenye tabia tofauti kabisa. Makadirio yakiitwa "historical" kwa kanuni zile za Canada, maana yake yalifanywa zamani, kabla mwenye mradi wa sasa hajauchukua, na hajayahakiki upya. Mwandishi anakuonya usiyategemee. Kwa Kiswahili yote mawili tunaandika "ya kihistoria". Msikilizaji anaposikia "makadirio ya kihistoria" anatuna kifua, kumbe aliambiwa awe na tahadhari. Dawa yake si ngumu: sema "makadirio ya zamani yasiyohakikiwa". Marefu kidogo, lakini hayadanganyi.

Lipo jingine ambalo tumelipenda mno: upembuzi yakinifu. Sijui mkutano wa kijiji unaokwisha bila neno hili. Ni tafsiri ya maneno ya Kiingereza yanayojengwa juu ya "feasible", na "feasible" huuliza jambo moja tu: linawezekana kufanyika? Sisi tukaleta "yakinifu", kutoka yakini, uhakika. Kwa hiyo mwananchi akisikia upembuzi yakinifu umekamilika, anaelewa kwamba mradi sasa ni yakini, anaanza kununua kiwanja kando ya barabara. Neno limemuahidi kitu ambacho Kiingereza hakikuahidi.

Na "feasible" ina jirani anayefanana nayo sana, "viable". Huyu haulizi kama jambo linawezekana. Anauliza kama litaishi, kama litajilipa mwaka wa kwanza na wa kumi. Jiwe la Liganga linaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko kitabu chochote. Si chuma kitupu. Lina vanadium na titanium ndani yake. Titanium ikizidi, tanuri la kawaida la kuyeyushia chuma linasumbuka, takataka iliyoyeyuka inakuwa nzito kama uji uliolala, haitiririki. Je, inawezekana kuyeyusha mbale ya namna hiyo? Inawezekana. Wachina wanafanya hivyo Panzhihua, katika jimbo la Sichuan, tangu miaka ya 1970. Afrika Kusini nako kulikuwa na kiwanda cha Highveld, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Witbank, kilichotengeneza chuma na vanadium kutokana na mbale ya jamii hiyohiyo kwa miongo mingi. Kitaalamu kiliweza, na kiliweza vizuri. Mwaka 2015 kikawekwa chini ya usimamizi wa kukinusuru na madeni, na uzalishaji wake wa chuma ukasimama. "Feasible" ilikuwa palepale. Kilichoondoka ni "viable": bei ya chuma duniani ilishuka, umeme ukapanda, hesabu zikakataa.

Kwa hiyo mtaalamu akija kijijini Mundindi akasema kwa Kiingereza mradi ni "feasible", msimkatie tamaa, lakini muulizeni na lile la pili. Umeme utauzwa bei gani? Makaa yatatoka Mchuchuma kwenda Liganga kwa njia ipi? Chuma kitafikaje reli ya TAZARA pale Makambako? Hayo ndiyo maswali ya "viable", na ndiyo yaliyochukua miaka mingi mezani.

Siku hizi kuna jozi nyingine inayotajwa kila mkutano wa madini, "critical" na "strategic". Hapa kwetu serikali husema madini muhimu na madini mkakati, na sidhani kama walikosea kutafuta maneno mafupi. Shida ni kwamba "muhimu" inatufanya tuelewe yenye faida kubwa kuliko mengine. "Critical" kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya haina maana hiyo. Ni madini ambayo wao wanayahitaji, hawana mbadala rahisi, na wanahofia siku moja aliyeyashika anaweza kufunga bomba. Ni sifa ya hofu ya mnunuzi, si ya ubora wa jiwe. Ndiyo maana chuma, ambacho dunia nzima imejengwa kwacho, hakimo katika orodha ya Marekani ya 2022 yenye madini 50, lakini vanadium na titanium zimo. Umoja wa Ulaya ulipotoa sheria yake mwaka 2024 ukayagawa tena: malighafi 34 ni "critical", na 17 kati yake zikapewa sifa ya ziada ya "strategic", yaani ni za lazima kwa teknolojia za kijani, za kidijitali, za ulinzi na za anga. Metali ya titanium ikaingia kote kuwili. Vanadium ikabaki kwenye ile ya kwanza peke yake.

Hebu ona: jiwe moja la Liganga, ukilishika mkononi, lina chuma kisicho na sifa yoyote kati ya hizo, lina vanadium yenye moja, na lina titanium yenye zote mbili. Hakuna kilichobadilika ndani ya jiwe. Waliobadilika ni wanaolitazama. Anayekwenda kujadiliana bei akidhani "critical" maana yake "bora" ataringia kitu kisichouzika. Akijua maana yake ni "tunaogopa kukikosa", atajua nguvu yake iko wapi. Kwa maoni yangu hapa ndipo tafsiri mbaya inaweza kutugharimu zaidi ya pengine popote, kwa sababu inatufanya tujadili ubora wakati mwenzetu anajadili wasiwasi wake.

Sasa tushuke kutoka kwenye metali tuje kwa watu.

Ibara ya 24 ya Katiba yetu inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila sheria inayoweka masharti ya kutoa "fidia inayostahili". Neno moja, zuri, la Kiswahili safi. Nakala ya Kiingereza ina mawili, "fair" na "adequate": ya haki na inayotosha. Ukiyatazama haraka utasema ni kitu kimoja, lakini fidia inaweza kuwa ya haki, kwa maana kila mtu amelipwa kwa kipimo kilekile, na bado isitoshe kujenga nyumba nyingine. Inaweza pia kutosha mmoja na ikawa si haki kwa jirani yake. Ukienda kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 unakuta vivumishi vitatu vimesimama pamoja: fidia iwe "full", iwe "fair", iwe "prompt".

Watu wengi hudhani wanasheria huongeza maneno kwa kupenda tu kurefusha. Mara nyingine ndivyo. Hapa sivyo. "Full" inahusu orodha: nyumba imehesabiwa, miti imehesabiwa, posho ya usumbufu imo, nauli ya kuhamia imo. "Fair" inahusu kipimo: mti wa parachichi umethaminiwa kwa bei ya parachichi. "Prompt" inahusu kalenda, na kanuni za 2001 hazikuiacha ielee. Zinahesabu miezi 6, baada ya hapo fedha inaanza kudai riba. Ni maswali matatu, kila moja na jibu lake, na mtu anaweza kushinda mawili akaangushwa na la tatu.

Wananchi wa Mundindi, Amani na Nkomang'ombe, vijiji vinavyoguswa na miradi ya Liganga na Mchuchuma, wanaijua habari hii kuliko mimi. Fidia yao, zaidi ya shilingi bilioni 15, ilianza kulipwa mwaka 2023. Hesabu mwenyewe kutoka ile saini ya 2011. Katika miaka hiyo mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba eneo lake litatwaliwa anajiuliza kila msimu kama apande miti ya miaka kumi au mahindi ya miezi minane, kama aezeke upya au aache bati livuje. Ukimuuliza leo kama alilipwa fidia kamili, atakujibu kwa orodha. Ukimuuliza kama alilipwa kwa haraka, atacheka. Neno moja "inayostahili" linafunika vicheko vya namna hiyo, na mimi naona, pamoja na utamu wake, halikutosha.

Nimalizie na neno zito kuliko yote. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu mikataba ya maliasili ipitiwe upya, na masharti mabaya yajadiliwe tena. Kiingereza chake kinayaita masharti hayo "unconscionable". Kiswahili chake kinayaita "masharti hasi". Sasa, Kiingereza kilikuwa na maneno mepesi zaidi. Kingeweza kusema "unfavourable", yasiyotufaa. Kingeweza kusema "unfair", yasiyo ya haki. Waliotunga wakapita yote hayo wakachukua lile lenye dhamira ndani yake, na sheria yenyewe inalieleza hivyo: sharti lililo kinyume na dhamira njema, ambalo likitekelezwa linahatarisha maslahi ya wananchi na ya Jamhuri. Ni tuhuma nzito. Sharti lisilotufaa ni biashara tuliyoshindwa. Sharti la "unconscionable" ni lile ambalo mtu mwenye dhamira asingeliandika, na akiandikiwa asingelitia saini.

"Hasi" haibebi uzito huo. Hasi ni kinyume cha chanya; tuliijua kwenye hisabati na kwenye betri. Mwekezaji akiambiwa mkataba wake una masharti hasi anaweza kukubali bila kukereka, kila mkataba una hasi na chanya zake. Akiambiwa una masharti dhalimu, au yasiyokubalika katika dhamira, atasimama ajitetee. Na hili si suala la kunogesha lugha, kwa sababu mwaka 2021 Bunge hilohilo lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani tafsiri hafifu ilikuwa inamkosesha mwananchi uelewa tu. Kuanzia sasa inaweza kumkosesha haki, maana hakimu atasoma "hasi" na wakili wa upande wa pili atauliza, hasi kwa kiasi gani?

Wapo watakaoniambia: tuachane na hayo, tusome Kiingereza chenyewe kwa bidii, mikataba iko kwa Kiingereza. Nawaunga mkono nusu. Vijana wetu wa sekondari za Ludewa na Makambako wafundishwe vivumishi kwa njia ya kuuliza kwa nini mwandishi alichagua hiki akaacha kile, badala ya kukariri orodha za "maana sawa". Zile orodha zimetufundisha kutosikia. Lakini nusu ya pili siikubali. Mzee wa Amani aliyetia kidole gumba kwenye fomu ya tathmini hawezi kungoja mjukuu wake afaulu Kiingereza ndipo ajue kinachosemwa juu ya shamba lake. Kiswahili kina maneno. Kukisia, kukadiria, kupima na kuthibitisha ni vitenzi vinne ambavyo kila mtu anavijua na hakuna anayevichanganya akiwa anapima debe la mahindi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekaa akasema rasmi: hiki kitasimama badala ya kile, siku zote, katika kila taarifa.

Kwa hiyo nina ombi kwa Baraza la Kiswahili la Taifa na Tume ya Madini. Kaeni meza moja na wajiolojia na wanasheria, mtoe orodha fupi ya vivumishi vya madini, ya ukurasa mmoja tu, na iwe lazima kwa kila taarifa inayotolewa kwa umma. Na kwenu waandishi wenzangu: tukitangaza tani, tutangaze na mkia wake. Na wewe msikilizaji wa Ludewa, mkutano ukiitishwa tena Mundindi na mgeni akazitaja zile tani milioni 126, nyoosha mkono umuulize kwa heshima: zilizokisiwa, zilizokadiriwa, au zilizopimwa? Asipoweza kujibu, hajaja na taarifa kamili.